Mifupa ya Ufuta

"Sitii sahihi," alisema Ninahazwe Verdiane.

Aliisukuma karatasi kwa kidole kimoja mpaka ikagusa kikombe cha kahawa cha Mugambi. Hakupandisha sauti. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, amevaa sare ya buluu ya nyumba ya wazee ya Lidcombe alikofanya kazi kwa miaka minne. Mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia sawasawa. Wa kushoto aliuegemeza kwa kisigino, vidole vikiwa hewani.

Jerotich, mpelelezi wa madai katika kampuni ya bima, alikuwa amekaa pembeni mwa meza na faili mapajani. Aliandika neno moja: kisigino.

"Nakueleza tena pole pole, mama," alisema Mugambi, mkuu wa kitengo. "Ukisaini, unakubali ulikosea kusema toroli la nguo lilikuvunja mfupa. Madai yanafutwa, tunaachana kwa amani. Usiposaini, kesho saa tisa alasiri faili hili linaenda polisi kama udanganyifu. Na mtu mwenye kesi ya udanganyifu hapewi tena kibali cha kuhudumia wazee. Sio Sydney peke yake. Australia nzima."

"Na nikisaini?"

"Unaenda nyumbani."

"Naenda nyumbani nikiwa mwongo."

"Mama, sikiza..."

"Mie si mama yako. Nina watoto watatu, na wewe humo."

Mugambi alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Dirishani nyuma yake treni za katikati ya jiji zilikuwa zikiingia na kutoka kituoni.

"Eksirei inasema mfupa wako ulizaliwa vipande viwili," alisema. "Hakuna aliyeuvunja. Na hii nayo inasema unacheza."

Aligeuza kompyuta. Video ya sekunde arobaini: kanisa la Auburn, kwaya ya wanawake wenye vitenge vya kijani, na katika mstari wa pili Verdiane akipunga mikono, akizunguka, akicheka.

Verdiane aliitazama mpaka mwisho.

"Nani kapiga hii?"

"Ni mimi," alisema Jerotich.

"Ulikaa benchi la nyuma. Nilikupa kitabu cha nyimbo."

"Ndiyo."

"Ukala na pilau letu?"

"Kidogo."

"Basi umeshiba kwetu." Verdiane alisimama, akashika mkoba wake. "Umepiga mwenyewe, na hujaangalia ulichokipiga. Kaangalie, madamu."

Alitoka. Waliusikia mwendo wake katika korido yote: hatua nzito, hatua nyepesi, nzito, nyepesi, mpaka kwenye lifti.

"Drama," alisema Mugambi. "Jero, funga hiyo faili leo."

"Umesema kesho saa tisa."

"Nimemwambia yeye kesho saa tisa. Wewe nakwambia leo. Video umeleta wewe, barua ya polisi nimeandika mimi. Iko nini tena?"

"Anatembelea kisigino."

"Anaigiza!"

"Humu ndani labda. Kwenye lifti anamwigizia nani?" Jerotich alikusanya karatasi zake. "Sifungi leo. Ukitaka ifungwe leo, tia sahihi yako mwenyewe pale chini, na iandikwe kwamba mpelelezi alikataa."

Mugambi alimtazama kama mtu aliyekanyagwa na paka.

"Kesho saa tisa," alisema. "Dakika moja haizidi."

*

Kabla ya kuwa mpelelezi, Jerotich alikuwa amepiga eksirei katika hospitali moja ya Eldoret kwa miaka tisa. Sydney haikuvikubali vyeti vyake. Kampuni ya bima ilikubali macho yake.

Aliifungua picha ya mguu wa Verdiane kwenye skrini, akaikuza mpaka kidole gumba kikajaa.

Chini ya mzizi wa kidole gumba cha mguu, pale mtu anapojisukuma akitembea, kuna mifupa miwili midogo isiyoshikana na mifupa mingine. Imelala ndani ya kano, kama mbegu ndani ya ganda. Hata pia ya goti, kile kifuniko chake, ni ya ukoo huo huo, ila yenyewe ni kubwa na kila mtu anaijua. Hii ya mguuni haijulikani na mtu mpaka imuume. Walioipa jina zamani waliifananisha na punje za ufuta, na Jerotich tangu chuoni aliiita hivyo hivyo, mifupa ya ufuta.

Katika picha hii punje moja ilikuwa vipande viwili. Jerotich alipitisha kalamu kwenye mpaka wake. Mfupa uliovunjika huwa na meno, kama kigae cha chungu. Huu ulikuwa na kingo laini za mviringo kila upande, kama mbegu mbili zilizokua ndani ya ganda moja. Watu wengi huzaliwa hivyo na huzeeka bila kujua. Hakukuwa na uvimbe wala ufa. Daktari aliyeandika ripoti alikuwa amesema kweli.

Basi Verdiane alikuwa mwongo?

Alifungua video yake mwenyewe. Mara ya kwanza aliona alichokiona siku ile, mwanamke anayecheza. Mara ya nne alifunika nusu ya juu ya skrini kwa karatasi, akabaki na miguu tu. Kwaya nzima ilikuwa ikiinuka kwa vidole kila mdundo wa ngoma. Jozi kumi na moja za viatu ziliinuka. Ya kumi na mbili iliinuka mguu mmoja. Mguu wa kushoto wa Verdiane haukukunja vidole hata mara moja. Alizungukia kisigino, akatua kwa ukingo wa nje, na pale kwaya iliporuka yeye alipunga mikono juu zaidi ili watu watazame mikono.

Anayeigiza maumivu huyaonyesha. Huyu alikuwa akiyaficha, mbele ya kanisa zima, Jumapili asubuhi, bila kujua kwamba mgeni wa benchi la nyuma ana kamera.

Jerotich aliviweka pamoja kwenye skrini, mguu wa picha na mguu wa video. Picha ilisema hakuna maumivu. Video ilisema yapo, tena ni pale pale chini ya kidole gumba. Vyote viwili vilikuwa vya kweli. Kama vyote ni vya kweli, haviwezi kuwa vya mtu mmoja.

Alirudi kwenye eksirei akaitazama kama anayetazama uso. Aliona kitu ambacho hakuna aliyekitafuta kwa sababu si ugonjwa: kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko kidole gumba. Kilizidi kwa kiasi cha kuonekana bila rula.

Alichukua koti lake.

*

Verdiane aliishi ghorofa ya pili katika jengo la matofali mekundu, dakika nane kwa miguu kutoka stesheni ya Lidcombe. Halikuwa na lifti. Alifungua mlango kwa upana wa uso wake.

"Umekuja kula tena?"

"Nimekuja kuona mguu."

"Kamera iko wapi?"

Jerotich alitoa simu mfukoni, akaizima, akaiweka sakafuni mbele ya mlango. Akaisukuma ndani kwa ncha ya kiatu.

Verdiane aliitazama simu, akamtazama yeye. "Ingia. Viatu acha hapo."

Alikaa kwenye kochi, akavua soksi ya kushoto, akaunyoosha mguu juu ya stuli. Jerotich alipiga magoti kwenye zulia. Hakuhitaji hata kuugusa. Kidole gumba kilikuwa kirefu kuliko vyote, na vingine vilishuka kutoka hapo kama ngazi.

"Huu si mguu wa kwenye picha," alisema.

"Ni mguu wangu."

"Ni mguu wako. Picha ndiyo si yako."

Jerotich aliweka kidole chake chini ya kidole gumba, akabonyeza kidogo sana. Verdiane alishika mkono wa kochi mpaka vifundo vikapauka, na bado hakulia.

"Tangu lini hivi?"

"Tangu toroli. Wiki saba. Nilikuwa nashusha nguo za kufua kwenye mteremko wa nyuma. Breki yake mbovu, nimeandika kwenye daftari la matengenezo mara tatu, mwandiko wangu uko mle. Likateleza. Nilijikinga kwa mguu, likanipandia. Belyse alikuwa mbele, akajaribu kulisimamisha, akapinda mguu naye. Manija Kamande akatupakia kwenye gari lake wote wawili, akatupeleka Parramatta kupiga picha."

"Belyse ni nani?"

"Irambona Belyse. Mwenzangu wa kazi. Anakaa chini hapa, namba mbili. Yeye maskini ndiye aliyevunjika kweli, wakamfunga buti."

Jerotich aliinua kichwa. "Mguu gani?"

"Kushoto. Kama mie."

"Wewe umezaliwa lini?"

"Tarehe moja mwezi wa kwanza, themanini na sita."

"Na Belyse?"

Verdiane alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Madamu, wewe Mkenya, hujui mambo yetu Warundi. Sisi wa kambi ya wakimbizi wote tumezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza. Mama yangu aliniambia nilizaliwa maharage yakitoa maua. Karani wa kambi hakuwa na mahali pa kuandika maharage. Foleni ya watu mia mbili, wote kawaandika siku moja. Hapa Lidcombe, Mwaka Mpya tunaoka keki moja tu, inatosha mtaa."

"Mwaka je?"

"Mie na Belyse? Ule ule. Alituangalia sura, akakadiria."

"Twende namba mbili," alisema Jerotich.

*

Irambona Belyse alikuwa amekaa jikoni, mguu juu ya kiti cha pili. Buti la hospitali lilimfika karibu na goti, la kijivu, lenye mikanda minne, na mbele lilikuwa wazi. Vidole vitano vilichungulia. Cha pili kilikuwa mbele ya wenzake wote.

Jerotich aliona hayo akiwa bado mlangoni. Alijitambulisha, akaomba maji, akakaa.

"Mguu unaumaje, dada Belyse?"

"Daktari kasema wiki sita. Zimepita, lakini miadi ni Jumatatu, donc nangojea."

"Sikuuliza daktari kasema nini."

Belyse alimtazama Verdiane, kisha akatazama meza. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa ndogo, yenye Kifaransa hapa na pale. "Haiumi," alisema.

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu. Ya nne."

"Mlipofika kliniki, mliitwaje?"

"Kijana alitoka mlangoni na karatasi. Aliangalia jina, akafumba mdomo. Akaangalia tena. Bon, akasema tarehe. Tarehe moja Januari, themanini na sita. Mie nilikuwa karibu ya mlango, nikasimama."

"Ndani alikuuliza nini?"

"Tarehe tena. Nikasema. Akauliza anwani, nikasema ya kazini, maana manija ndiye alijaza zile fomu na aliandika ya kazini. Akasema sawa sawa."

"Na jina?"

"Jina hakuuliza. Nadhani aliliogopa."

"Akatoka mara ya pili," alisema Verdiane taratibu, "akasema tarehe ile ile. Tulikuwa tumebaki mie na mzee mmoja wa Kichina. Nikaingia."

"Kamande alikuwa wapi?"

"Nje. Kwenye simu. Hakuingia hata mara moja," alisema Belyse.

Jerotich aliiwasha simu yake na kupiga kliniki. Ilichukua dakika kumi na moja na sauti tatu mpaka akampata kijana mwenyewe, ambaye hakujaribu kujificha. Ndiyo, alikumbuka siku ile. Hapana, hakuita majina. Majina asiyoweza kuyatamka huwa hayaiti. Anaita tarehe ya kuzaliwa. Hufanya hivyo kwa heshima, alisema, asije akamwaibisha mtu.

Jerotich alimshukuru. Kisha akamuuliza Belyse swali ambalo alikuwa ameliacha makusudi liwe la mwisho.

"Siku ya nne mguu ulipoacha kuuma, ulimwambia nani?"

Belyse alichukua simu yake, akapitisha kidole muda mrefu, akaiweka mezani na kubonyeza.

Kwanza ilisikika sauti yake mwenyewe, ndogo, ya haraka: "Bosi, samahani. Huu mguu haiumi. Na Verdiane hawezi kukanyaga kabisa. Labda walituchanganya picha."

Kisha sauti ya Kamande, meneja wa zamu, akiendesha gari: "Belyse, wacha hiyo maneno. Daktari amesema umevunjika, umevunjika. Kaa kwa nyumba, miguu juu, uko na bahati. Mkianza kusema mmechanganywa, watu wa serikali watakuja kuuliza breki ya hiyo toroli. Na hapo mimi sitakuwa na zamu ya kukupa. Umenielewa?"

Tarehe ilikuwa juu ya ujumbe. Siku ya tano baada ya ajali.

Verdiane hakumtazama Jerotich. Alimtazama Belyse.

"Ulijua."

"Niliogopa zamu, dada. Wanangu..."

"Wiki saba, Belyse. Nashuka ngazi zile kwa mguu huu na sufuria ya supu mkononi. Nakuletea wewe. Kwa sababu umevunjika."

Belyse aliinama. Walidhani analia. Kumbe alikuwa ameshika mkanda wa kwanza wa buti. Aliuvuta, ukabanduka kwa kelele. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Alitoa mguu wake mzima, akasimama juu yake sakafuni, akaruka mara moja ili waone. Kisha akapiga magoti mbele ya Verdiane na kumfunulia buti.

"Vaa," alisema. Sauti haikuwa ndogo tena. "Na huo ujumbe nitauchezesha popote utakapotaka. Zamu yake na aile."

Verdiane alilitazama buti.

"Supu ilikuwa nzuri, lakini?" aliuliza.

"Ilikosa chumvi."

"Mbwa we," alisema Verdiane, akaingiza mguu.

*

Kamande alimkuta Jerotich kwenye mteremko wa nyuma wa nyumba ya wazee, amechutama kando ya toroli la nguo.

"Aa, dada Jerotich! Si ungepiga simu? Ningekuwekea chai."

"Hizi breki ni mpya."

"Tunabadilisha kila mara. Usalama kwanza."

"Daftari la matengenezo naliona wapi?"

"Lile la zamani lilijaa. Lilitupwa." Kamande alikuwa mtu wa tabasamu, na funguo nyingi kiunoni. "Lakini si ile kesi imeisha? Mugambi aliniambia leo ni kufunga tu."

"Kitu kimoja kidogo. Kule Parramatta, wale wawili waliitwaje?"

"Kwa majina. Kawaida."

"Uliwasikia wewe mwenyewe?"

"Nilikuwa nimekaa katikati yao, dada. Kijana akatoka, akasema, Ninahazwe. Huyo mama akaingia. Baadaye, Irambona. Huyo mwingine akaingia."

"Alitamka vizuri?"

"Vizuri sana."

Jerotich aliandika maneno hayo yote, moja baada ya jingine, akamgeuzia daftari. "Hivi ndivyo ulivyosema?"

"Hivyo hivyo."

"Tia sahihi hapa."

Kamande alitia. Jerotich alilifunga daftari, ndipo akasema:

"Hakuna jina lililotamkwa siku ile. Kijana aliita tarehe, mara mbili, na tarehe zao ni moja. Wewe ulikuwa nje kwenye simu."

Tabasamu lilibaki usoni, ila macho yaliliacha peke yake.

"Labda nimechanganya."

"Na kwenye fomu ya Belyse, iliyo katika faili lake ofisini kwetu, uliandika kwamba aliteleza bafuni. Toroli hukulitaja."

"Jerotich." Kamande alishuka sauti. "Wewe ni wa kwetu. Tumekula nyama pamoja kule Blacktown, harusi ya kina Shirleen. Utaniangusha kwa sababu ya hawa Warundi? Hawa hata siku yao ya kuzaliwa hawaijui!"

"Wanaijua. Ni fomu zako ambazo haziijui."

Alibonyeza simu, kwenye ujumbe aliotumiwa na Belyse. Sauti ya Kamande ilitoka ikapanda ule mteremko, wazi kabisa: *Wacha hiyo maneno. Uko na bahati.* Mfanyakazi mmoja aliyekuwa akivuta sigara karibu na mapipa aligeuka kusikiliza.

"Sasa uende ukalitafute daftari lililojaa," alisema Jerotich. "Ukikumbuka lilipotupwa."

*

Ijumaa, kabla ya saa tatu asubuhi, daktari wa Verdiane wa Auburn alikuwa ameandika fomu mbili mpya za eksirei, ya Verdiane na ya Belyse. Saa nne walikuwa Parramatta. Jerotich alikuwa amechagua kliniki ile ile, chumba kile kile cha kungojea na kijana yule yule. Alikuwa amempigia Mugambi akiwa kwenye treni. Mugambi alisema video ni video. Alisema sauti ya mtu kwenye simu si mfupa. Alisema, kwa hasira, "Niletee mfupa, Jero."

Faili la Belyse, ambalo lilikuwa limekaa ofisini, meza ya tatu kutoka yake, kwa wiki saba, sasa lilikuwa mkobani. Ndani yake mlikuwa na eksirei ya mguu wenye kidole gumba kirefu kuliko vyote, na chini yake punje moja iliyopasuka yenye meno.

Chumba kilikuwa na watu tisa. Verdiane alikaa katikati, kando ya Belyse, buti la kijivu limenyooshwa mbele yake. Leo hakuvaa sare. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani cha kwaya.

Mlango ukafunguka. Kijana alitoka na karatasi. Alikuwa na nywele nyekundu na kadi shingoni. Alitazama karatasi. Alifumba mdomo.

"Tarehe moja Januari," alisema, "themanini na..."

Hakuna aliyesimama.

Alitazama chumba. Macho yake yalimkuta Verdiane, ambaye alikuwa akimtazama moja kwa moja, mikono kifuani.

"Ni wewe, mama?"

"Nani?" aliuliza Verdiane kwa Kiingereza.

"Tarehe moja..."

"Hiyo ni tarehe. Mie nina jina. Liko hapo juu, umelishika."

Kijana aliwiva masikio. "Sitaki kulikosea."

"Likosee," alisema Verdiane. "Nitakurekebisha."

Mama mmoja aliyekuwa akisoma gazeti alilishusha. Kijana alivuta karatasi karibu na uso.

"Nina... Ninaha..."

"Endelea."

"Ninahaz-wi."

"Zwe. Mdomo wako hautavunjika. Mfupa wangu umevunjika na bado natembea."

"Ninahazwe."

"Tena."

"Ninahazwe. Verdiane."

Verdiane alishika mkono wa Belyse, akainuka, akaingia na buti lake kama mtu anayeingia bungeni.

Ilichukua dakika sita. Kijana alimwita Jerotich kwenye skrini, na hakuhitaji kuelezwa anaangalia nini. Jerotich aliiweka kando yake picha iliyotoka kwenye faili la Belyse. Mguu ulikuwa mmoja, vidole vile vile, vikishuka kama ngazi. Punje ile ile ilikuwa imepasuka, ila katika picha ya leo vipande vyake vilikuwa vimeachana zaidi, kingo zake zikiwa bado na meno. Ndivyo unavyokuwa mfupa uliovunjika ukikanyagwa kwa wiki saba na mtu aliyeambiwa kwamba hauumi.

"Mimi nimefanya hivi," alisema kijana.

"Ulianza wewe," alisema Jerotich. "Wengine walimalizia. Na mimi nimo. Andika saa na tarehe, na uandike jinsi ulivyowaita siku ile. Utie sahihi."

Aliandika. Yote.

Jerotich alituma picha zote mbili, ujumbe wa Kamande na ukurasa wa daftari wenye sahihi yake. Ilikuwa saa tano na robo. Simu ikalia kabla hajaiweka mfukoni.

"Jero." Alikuwa Mugambi. "Hii mguu... ni yake kweli?"

"Njoo umvue buti mwenyewe. Si ulimwita mama? Uko tayari kuwa mtoto wake?"

"Niifute ile barua ya polisi?"

"Uifute. Uandike nyingine ya kumwomba radhi. Jina lake liandike lote, herufi zote, usiweke namba ya faili. Na ya tatu kwa wakaguzi wa usalama kazini, kuhusu breki."

"Barua tatu kabla ya saa tisa?"

"Dakika moja haizidi," alisema Jerotich, akakata.

Verdiane alikuwa amekaa kwenye kiti cha korido, akifunga mikanda ya buti. Hakuinua kichwa. "Video yangu utaifanyaje?"

"Naifuta sasa hivi."

"Usifute. Nitumie. Nilicheza vizuri." Alivuta mkanda wa mwisho. "Na Jumapili uje. Ukae benchi la mbele."

Kijana alikuwa amerudi kwenye mlango wa chumba cha kungojea na karatasi ya pili. Watu wote walikuwa wakimtazama sasa, mama wa gazeti, wazee wawili, msichana mwenye mkono kwenye kitambaa. Aliisoma karatasi. Midomo yake ilijaribu kwanza bila sauti, mara moja, mara mbili. Akavuta pumzi.

"I-ra-mbo-na," alisema.

Belyse alisimama kwa miguu yake miwili.